Jamvi la Zege na Njia ya Changarawe Mbele ya Gereji

Jamvi la mbele ya gereji ni kipande cha zege kinachomwagwa nje ya mlango wa banda la gari, pale magurudumu yanapopita kuingia na kutoka. Kutoka ukingo wa jamvi hilo hadi barabarani huenda njia ya gari, ambayo kwa nyumba nyingi za bara ni ya moramu au changarawe, kwa kuwa zege la urefu wote huo lingekula fedha za chumba kizima. Zege na changarawe hubeba gari kwa namna mbili tofauti. Zege ni gumu na halijipindi. Likikosa pa kukalia, hupasuka. Changarawe haipasuki, bali husogea kidogo kila gurudumu linapoikanyaga, na hudidimia pale ardhi iliyo chini yake inapodidimia. Kupanga ni kuvifanya vitu hivi viwili vikae jirani bila kuharibiana, na sehemu kubwa ya kazi hiyo hufanyika kabla mfuko wa kwanza wa saruji haujafunguliwa.

Puge, kata ya Wilaya ya Nzega mkoani Tabora, inafaa sana kuelezea jambo hili. Iko kwenye barabara kuu kati ya Nzega na Tabora, na barabara hiyo ilipojengwa kwa lami kazi iligawanywa hapo hapo: kipande cha Nzega hadi Puge, karibu kilomita 59, na kipande cha Puge hadi Tabora, karibu kilomita 56. Mvua zake ni za msimu mmoja. Huanza Novemba na kwisha Aprili au mwanzoni mwa Mei, kisha hufuata kiangazi cha miezi mitano au sita. Ardhi hukauka na kukakamaa, na dhoruba ya kwanza huikuta haiwezi kunywa maji upesi. Maji hayo hutiririka juu kwa juu, na njia ya gari iliyopangwa vibaya huwa ndiyo mfereji wake.

Wapagazi wa karne ya 19 waliijua tabia hiyo ya ardhi. Tabora, iliyoitwa pia Kazeh, ilikuwa njia panda: misafara iliyotoka Bagamoyo iliendelea magharibi hadi Ujiji, na mingine ilikwenda kaskazini kuelekea ziwa kubwa. John Hanning Speke alitoka Kazeh Julai 1858 na kuliona Ziwa Victoria tarehe 3 Agosti, yaani katikati ya kiangazi, mbuga zikiwa zinapitika. Njia za misafara zilikuwa vijia vya mtu mmoja mmoja. Kipande kikigeuka tope, watu walipita pembeni na kijia kipya kikazaliwa. Njia ya kwenda gereji haina uhuru huo. Geti liko mahali pamoja, mlango mahali pamoja, na gari litakanyaga mistari ile ile miwili kwa miaka yote. Ndiyo maana ardhi ya mistari hiyo inastahili kuchunguzwa kwanza.

Katika Unyamwezi na Usukuma udongo hufuata mteremko kwa utaratibu unaojirudia kila kilima. Juu, karibu na miamba ya matale, kuna mchanga mwekundu au wa kijivu unaopitisha maji, ambao wakulima wengi huuita luseni. Chini kidogo huja ardhi yenye tabaka gumu karibu na uso, lisilopenyeka, kama ile inayoitwa ibambasi. Bondeni kabisa ni mbuga, yaani udongo mweusi wa mfinyanzi. Miaka ya 1930 mtaalamu wa udongo Geoffrey Milne, aliyefanya kazi katika kituo cha utafiti cha Amani, mkoani Tanga, aliutumia mpangilio wa namna hii wa Afrika Mashariki kueleza jinsi udongo unavyobadilika kutoka kileleni hadi bondeni, na maelezo yake bado yanafundishwa duniani. Mkulima wa Nzega hana haja ya kitabu kuujua: mahali panapofaa majaruba ya mpunga ni mahali panaposhika maji, na kinachoshika maji kwa faida ya mpunga hulegeza njia ya gari.

Uchunguzi wa kiwanja hauhitaji mitambo. Huchimbwa mashimo mawili au matatu ya kina cha mita moja: moja pale jamvi litakapokaa, jingine katikati ya njia, la tatu karibu na barabara. Mchanga wa luseni ni habari njema. Kinachotakiwa ni kuondoa udongo wa juu wenye mizizi na kushindilia. Tabaka gumu likitokea sentimita 40 au 50 chini, maana yake ni kwamba masika maji yatasimama juu ya tabaka hilo na kuulegeza udongo uliolala juu yake. Hapo njia iinuliwe na iwe na mifereji pande zote mbili. Udongo mweusi wa mbuga ni shida ya aina nyingine kabisa. Huvimba ukilowa, hukauka ukafanya nyufa za kuingiza mkono, na hakuna nondo za jamvi dogo zitakazouzuia. Udongo huo huchimbwa na kuondolewa, sentimita 60 au zaidi, na nafasi yake hujazwa moramu iliyoshindiliwa. Kama tabaka jeusi ni refu kuliko hapo, ni nafuu kulihamisha banda la gari kwenye kiwanja kuliko kupambana nalo.

Kichuguu nacho kisipuuzwe, maana Tabora ni nchi ya mchwa. Mafundi wengi hukisawazisha tu kwa jembe na kujenga juu yake. Ndani yake kuna mapango na njia za mchwa, na jamvi lililolala juu ya mapango hayo hubaki bila pa kuegemea. Kichuguu kilichopo kwenye njia huchimbwa hadi kiini chake, shimo likajazwa kwa tabaka nyembamba na kila tabaka likashindiliwa. Udongo wake ni mzuri wa kufyatulia tofali na kukandikia, lakini haufai kujazia chini ya zege, kwa sababu hushika maji.

Baada ya ardhi huja usawa, na hapa ndipo kazi nyingi huharibika, kwa kuwa sakafu ya gereji hujengwa kwanza na njia hufikiriwa baadaye. Mpangilio sahihi huanza na vipimo vitatu: urefu wa sakafu ya gereji, wa ardhi ya asili mbele yake, na wa ukingo wa barabara. Mpira wa maji unaoonyesha ndani, ule ule ambao mafundi hutumia kusawazishia msingi, unatosha kuvilinganisha. Sakafu ikae angalau sentimita 20 juu ya ardhi inayoizunguka. Jamvi lianze sentimita 2 chini ya sakafu, ili maji yanayosukumwa na upepo yasivuke kizingiti, kisha lishuke sentimita 2 kwa kila mita kuelekea nje. Jamvi la kina cha mita 3 litakuwa limeshuka sentimita 6. Pamoja na zile 2 za mlangoni, ukingo wake wa nje uko sentimita 8 chini ya sakafu na 12 juu ya ardhi ya asili. Namba hizo ndizo zinazomwambia fundi kifusi kiasi gani kinahitajika. Zikikosekana, atakisia.

Barabara iliyojengwa kwa lami mara nyingi hukaa juu ya tuta, na kiwanja kilicho kando yake hujikuta chini. Njia ya gari ikiteremka moja kwa moja kutoka tutani hadi mlangoni, kila mvua itashusha maji, mchanga na takataka hadi ndani ya gereji. Dawa yake ni kuifanya njia ifike chini kabisa kabla ya jamvi, mita 2 au 3 mbele yake, kisha ipande kidogo kulifuata. Hapo chini huwekwa mfereji wa kukatiza: mpana, kama mita moja na nusu, na wa kina cha sentimita 10 tu, ili gari lipite bila kukwaruza tumbo. Sakafu ya mfereji huo hupangwa mawe na kujazwa chokaa cha saruji na mchanga, na huelekezwa upande ambao maji yanaweza kutoka bila kumwagikia nyumba ya jirani. Mfereji usiokuwa na mahali pa kutolea maji hugeuka dimbwi, kwa hiyo njia ya kutokea itafutwe kwanza, kiwanjani, kwa macho, siku ya mvua kama inawezekana.

Maji ya paa huongeza mzigo huo. Banda lenye paa la mita za mraba 24 likinyeshewa milimita 50 kwa alasiri moja humwaga lita 1,200, na kama paa linaelekea mlangoni bila bomba la kukinga maji, lita zote hizo huanguka pale pale zege linapokutana na changarawe. Hakuna changarawe itakayostahimili hilo. Kukinga maji kwenye tangi ni faida mara mbili katika nchi yenye kiangazi kirefu hivyo, na tangi hilo hilo litatoa maji ya kumwagilia zege.

Mteremko wa njia yenyewe usizidi mita 1 kwa kila mita 10 za urefu. Nusu ya hapo ni bora zaidi, maana changarawe kwenye mteremko mkali hukokotwa na maji na kutimuliwa na magurudumu. Kwa upana, katikati ya njia huinuliwa ili maji yamwagike pande zote mbili, sentimita 4 au 5 kwa kila mita. Mgongo huo ukionekana mkali kwa macho siku ya kazi, haujakosewa: magari yataupunguza. Upana wa mita 3 unatosha gari dogo kwenye njia iliyonyooka, lakini kwenye kona iongezwe hadi mita 4. Mbele ya mlango zibaki mita 6 ambapo gari linaweza kusimama likiwa limenyooka, la sivyo dereva ataingia kwa kukata usukani akiwa juu ya ukingo wa jamvi, na hakuna kinachouvunja ukingo upesi kama gurudumu linalogeuzwa papo hapo. Njia ikipitiwa pia na mkokoteni wa ng'ombe unaoleta mpunga au karanga, izingatiwe kwamba magurudumu yake membamba huchimba zaidi ya matairi ya gari.

Upande wa barabarani una sheria zake. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 iliweka hifadhi ya barabara kuu kuwa mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara, badala ya mita 22.5 za awali. Njia ya nyumbani inayoungana na barabara kuu hupita basi ndani ya eneo la umma, na kuunganishwa kwake kunahitaji ruhusa ya Wakala wa Barabara, TANROADS. Barabara za wilaya na za mitaa ziko chini ya wakala mwingine, TARURA, ulioanzishwa mwaka 2017. Mtaro wa barabara hauruhusiwi kufukiwa. Huvukwa kwa kalavati, na bomba la zege la kipenyo cha sentimita 60 ndilo linalotumika sana, kwa kuwa jembamba zaidi huziba kwa mchanga na majani na haliwezi kusafishwa. Mwenye nyumba anayeweka bomba la plastiki la sentimita 20 huwa anawafurikishia majirani wake wa upande wa juu. Mita chache za kwanza kutoka kwenye lami zinafaa kuwekwa zege au mawe yaliyojengewa, ili changarawe isiburutwe hadi barabarani, ambako huwatelezesha waendesha bodaboda.

Kuhusu changarawe yenyewe, kuna vifaa viwili ambavyo watu huvichanganya. Moramu ni mchanganyiko wa asili wa vijiwe vyekundu na udongo unaovishikilia. Ikishindiliwa ikiwa na unyevu hukaza na kuwa njia. Kokoto ni mawe yaliyopondwa, mara nyingi ya matale kwa upande wa Tabora na Nzega, yenye kona kali na yasiyo na udongo. Moramu ndiyo mwili wa njia. Kokoto ni vazi la juu, la hiari, la kuzuia tope na vumbi. Kumwaga kokoto tupu juu ya ardhi laini ni kupoteza fedha, kwani baada ya masika mawili huwa zimezama zote. Changarawe ya mtoni, iliyoviringwa na maji, nayo haifai juu ya njia. Haishikani, na gari hutapatapa juu yake.

Moramu nzuri hujulikana kwa mkono. Ikiloweshwa kidogo na kufinyangwa, hushikana na kubaki donge, lakini vijiwe huhisiwa wazi. Ikiteleza na kunata vidoleni, ina udongo mwingi na itakuwa tope. Ikibomoka mara ile ile, haina gundi na itatimka vumbi. Unene unaotakiwa ni sentimita 15 baada ya kushindiliwa. Njia ya mita 20 kwa 3 huhitaji hivyo mita za ujazo 9 zilizokazwa, ambazo kwenye lori, zikiwa zimelegea, ni kama 12. Kushindilia hufanywa kwa tabaka: sentimita 10 kwa wakati mmoja kama ni kwa mkono, 15 kama ipo mashine. Unyevu wake hupimwa kwa kiganja pia: donge linalovunjika vipande viwili bila kutoa maji liko tayari. Pembeni mwa njia hupangwa mawe, nusu yakiwa ardhini, ili tabaka lisitawanyike.

Jamvi la zege huja baada ya hapo. Kwa gari dogo unene wa sentimita 12 unatosha; kwa gari la mizigo la tani tatu au nne, 15. Ukingo wa nje, unaokutana na changarawe, huongezwa unene hadi sentimita 22 kwa upana wa sentimita 30, kwa kuwa hapo gurudumu hupanda na zege halina pa kuegemea upande mmoja. Hii ndiyo senti iliyotumika vizuri kuliko zote katika kazi nzima. Chini ya jamvi kuna moramu iliyokazwa, na juu yake nailoni nzito inayozuia maji ya zege kunywewa na ardhi kavu.

Kwa uwiano wa saruji 1, mchanga 2 na kokoto 3, mita moja ya ujazo wa zege hula mifuko saba na nusu ya kilo 50. Jamvi la mita 4 kwa 3, pamoja na ukingo wake mnene, ni mita za ujazo 1.56, huhitaji mifuko 12, mchanga mita za ujazo 0.8 na kokoto 1.2. Mfuko mmoja una ujazo wa lita 35 hivi, kwa hiyo kwa ndoo za lita 20 ni mchanga ndoo tatu na nusu na kokoto ndoo tano na robo. Maji yasizidi lita 25 kwa mfuko, yakihesabiwa na yale yaliyomo ndani ya mchanga mbichi. Wasaidizi hupenda kuongeza maji ili zege lisukumike kirahisi, na kila ndoo ya ziada huondoa nguvu na kuongeza nyufa. Mchanga hupimwa kwa chupa: ukitikiswa na maji na kuachwa utulie, tabaka la tope juu yake lisizidi sehemu moja kwa kumi na mbili ya kimo cha mchanga. Maji ya lambo yenye tope hayafai. Maji yanayonyweka yanafaa.

Nondo katika jamvi hazibebi gari, kazi yake ni kubana nyufa zisipanuke. Wavu wa nondo za milimita 6 zenye nafasi ya sentimita 20 unatosha, na mahali pake ni sentimita 4 au 5 chini ya uso. Wavu uliolazwa juu ya nailoni, kama unavyoonekana kwenye kazi nyingi, hausaidii kitu. Uinuliwe kwa vipande vya zege. Zege hunywea linapokauka, na litapasuka mahali fulani hata lingetengenezwa vipi. Fundi huchagua mahali hapo kwa kuchora mstari wa kina cha sentimita 3 katikati, vikapatikana vipande viwili vya mita 2 kwa 3, nusu ya nyuzi za wavu zikiwa zimekatwa chini ya mstari huo. Kati ya jamvi na ukuta au sakafu ya gereji huachwa nafasi ya sentimita moja, ili kimoja kikishuka kisikivute kingine. Ubao uliotumika kuipata nafasi hiyo utolewe na pajazwe lami. Ukiachwa humo, mchwa wataufuata hadi kwenye fremu ya mlango. Uso hupigwa ufagio kuelekea upande, gari lisiteleze siku ya mvua.

Wakati mzuri wa kazi yote ni Mei na Juni. Ardhi bado ina unyevu wa kushindilia, mvua zimekwisha, na joto halijafika lile la Septemba na Oktoba. Zege humwagwa asubuhi mapema, hufunikwa kwa nailoni au magunia mara linapokaza, na hulowanishwa kwa siku 7 bila kukosa hata moja, kwa kuwa upepo mkavu wa kiangazi hunyonya uso wake kabla saruji haijafanya kazi. Gari dogo lisipande kabla ya siku 14, na lori kabla ya 28.

Kuanzia hapo jamvi huhitaji kidogo sana, ila kujaziwa lami kwenye nafasi zake zinapofunguka. Njia ya changarawe ndiyo inayodai mkono kila mwaka. Oktoba, kabla ya mvua, mifereji na kalavati huzibuliwa. Mei, baada ya mvua, mistari ya magurudumu hukwanguliwa kwa sururu, huloweshwa, hujazwa moramu na kushindiliwa upya hadi mgongo wa njia urudi. Pale changarawe inapogusa ukingo wa zege huangaliwa mara nyingi zaidi: pakishuka sentimita 3 chini ya jamvi, kila gurudumu huanza kuugonga ukingo badala ya kuupanda, na toroli moja ya moramu iliyoshindiliwa vizuri siku hiyo huokoa kuvunja na kumwaga zege upya.